Waya Nyuma ya Redio

Kitu cha kwanza nilichokiona mle dukani hakikuwa redio. Kilikuwa waya.

Ulitoka nyuma ya sanduku la mbao, mweusi, umevikwa kitambaa, ukashuka kando ya meza na kuingia ukutani. Nilikuwa nimeinamisha macho kama inavyonipasa nikiwa na baba mkwe. Mtu aliyeinamisha macho huona vitu vya chini.

Redio nyingine mbili hazikuwa na waya wa kuingia ukutani.

Niliuona, nikanyamaza.

Aliyenisoma wiki iliyopita anaijua barua ile. Kwa asiyeijua, ni hivi. Mume wangu Mutembei yuko Dar es Salaam, kazi ya bandarini, mwaka wa tatu sasa. Mimi nilibaki Muleba kwa wazazi wake pamoja na binti yetu Kokuhirwa. Katika nyumba ile anayejua kusoma ni mimi peke yangu, nami niliishia darasa la tatu. Barua zote za Mutembei huzisoma mimi, kwa sauti, mbele ya watu wote.

Hapo tu ndipo mzee Bartholomayo, baba mkwe, anaposikia sauti yangu. Siku nyingine mimi ni mkamwana. Akitaka kuniuliza neno humwambia wifi yangu Alistidia, nami humjibu Alistidia, naye humrudishia baba yake, hata kama tumekaa watatu kwenye mkeka mmoja. Nikisoma barua ni tofauti. Anayesema ni mwanawe, si mimi.

Barua ya mwisho ilikuwa na mistari sita. Mutembei alisema ameoa mke mwingine huko. Nisimngoje. Nirudi kwetu Kanazi, wazee wangu warudishe mahari. Mtoto abaki Muleba kwa bibi yake, maana ni wa ukoo wao.

Niliisoma kimoyomoyo, watu saba wakinitazama mdomo. Kokuhirwa alikuwa ameshika kidole changu.

Nikasoma barua nyingine, ambayo hakuna aliyeiandika. Mutembei ni mzima. Anawasalimu. Kazi ni nyingi. Nikaona bado wananitazama, barua ilikuwa fupi mno. Nikaongeza: "Siku hizi watu wa huku hutuma salamu kwa redio. Nami nitawasalimu humo, mtaisikia sauti yangu."

Sijui kwa nini nilisema redio. Nilikuwa nimemsikia mwalimu akiitaja baada ya ibada. Ilikuja yenyewe.

Mzee Bartholomayo aliipokea barua, akaikunja. Kisha akasema, "Basi tutanunua redio."

Ndivyo tulivyofika Bukoba mjini, mzee, Alistidia na mimi, na shilingi mia tatu za kahawa zimefungwa kwenye leso.

Duka lilikuwa la Mhindi mmoja aitwaye Jiwani. Mwenyewe alikaa nyuma akiandika. Aliyetupokea ni Uledi, mtu wa pwani, mwembamba, mwenye maneno yanayotangulia mikono.

"Karibu mzee wangu, karibu! Kahawa imelipa mwaka huu?"

"Imelipa kidogo. Tuoneshe redio."

Uledi akaanza na ile kubwa ya juu ya rafu.

"Hii ndiyo baba yao. Inashika Dar es Salaam, inashika Nairobi, ukiibembeleza inashika London. Na hii hapa betri yake." Akaweka mezani kitu kizito kuliko tofali. "Yote pamoja shilingi mia tano."

Baba mkwe aliigusa ile leso mfukoni.

"Baba yao apumzike," alisema. "Tuoneshe watoto."

Alistidia akacheka. Uledi naye akacheka, akashusha kiredio kilichokuwa pembeni kabisa. Kilikuwa cha bwana mifugo mmoja Mzungu aliyerudi kwao. Uso wake ulikuwa na ufa uliogandishwa kwa gundi, na kitasa kimoja kilipotea kikawekwa kigurudumu cha uzi mahali pake.

"Nacho kinasema?" mzee aliuliza.

"Kama kasuku."

Uledi alifunga betri, akazungusha kile kigurudumu cha uzi. Kikakwaruza. Kikakohoa. Halafu mtu akasema, kwa Kiswahili kizuri, kwamba watu wa Tanga watapata mvua kidogo jioni.

Mzee Bartholomayo alivua kofia.

"Huyo mtu yuko Dar es Salaam?"

"Yuko Dar es Salaam."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi, mzee. Akipiga chafya huko, wewe unasema afya hapa."

Mzee aliinama akasikiliza mambo ya mvua ya Tanga mpaka yakaisha. Nikaona vidole vyake vikienda kwenye leso. Kiredio kilikuwa shilingi mia mbili na themanini, pamoja na betri.

"Tata!" Alistidia alimwambia baba yake. "Kina ufa! Tuondoke Muleba mpaka Bukoba, turudi na redio yenye kovu? Watu watasema tumeiokota jalalani kwa Mzungu."

"Watu gani?"

"Rugaibula."

Baba mkwe akaondoa mkono kwenye leso. Rugaibula ni jirani yetu. Mwaka uliopita alinunua cherehani, na mpaka siku ile alikuwa hajamaliza kuitaja.

"Kuna hii nyingine," Uledi alisema.

Ilikuwa ile ya waya. Mbao zake ziling'aa, kifuani ina kitambaa cha rangi ya dhahabu, na Uledi alipoigusa ikafumbua jicho dogo la kijani. Alistidia akashika mashavu.

"Mia mbili na tisini. Mpya kabisa. Ni rahisi kwa sababu haili betri."

"Inakula nini?"

"Injini, mzee. Hiyo mnayoisikia."

Ni kweli, nyuma ya duka kulikuwa na mashine ikinguruma. Nilidhani wanasaga unga.

"Kwenu injini ipo?" Uledi aliuliza.

Usimwulize Mhaya kama kwao kuna kitu.

"Injini!" Baba mkwe alivuta mabega nyuma. "Tunazo mbili. Moja ya kukoboa kahawa, moja ya kusagia, pale misheni."

"Basi mna bahati. Wengi hawana."

"Wengi hawana," mzee alikubali.

Nilizijua mashine zile mbili. Ya karibu iko ng'ambo ya vilima viwili na kijito, na haitoi waya wowote. Inatoa moshi.

Nilipokuwa mdogo Kanazi, mjomba alinipeleka mara moja hospitali ya mjini. Juu ya kitanda changu ilining'inia taa ya umeme. Nikamwuliza nesi inakula mafuta gani, akanionyesha waya ulioingia ukutani. Akasema bila huo haiwaki. Ndiyo elimu yangu yote ya umeme, lakini ilitosha.

Mzee alizitazama redio mbili, yenye ufa na yenye waya. Akageuka kwa Alistidia.

"Mwulize mke wa kaka yako. Yeye ndiye aliyesoma. Na sauti tunayoitafuta ni ya mume wake."

"Wifi, Tata anasema uchague."

Uledi alinipa vikadi viwili vilivyokuwa mbele ya redio, vimeandikwa kwa mkono.

Cha kwanza: Ya betri. Imetumika. Sh. 280.

Cha pili: Ya umeme tu. Mpya. Sh. 290. Dhamana mwaka mmoja.

"Vinasemaje?" Alistidia aliuliza.

Niliwaza polepole. Sikuwa na hofu. Hofu iliniisha ile siku ya barua na haijarudi. Niliwaza tu hivi: redio ikisema kila siku na Mutembei asisikike, wataniuliza mimi. Redio ikiwa bubu, wataiuliza redio.

"Hii mpya ni mia mbili na tisini," nilimwambia Alistidia. "Ina dhamana ya mwaka mmoja."

"Na yenye ufa?"

"Haina dhamana."

Sikusema uongo. Niliruka mstari wa juu tu.

"Basi chagua. Wifi! Unaona haya ya nini, kwani inakuposa?"

Nikanyoosha kidole kuelekea ile ya waya.

Uledi aliniangalia. Alivichukua vile vikadi, akavisoma yeye mwenyewe, akaniangalia tena.

"Dada, una hakika?"

Alistidia akanijibia. "Mkamwana wa Bartholomayo haulizwi mara mbili na mwuza duka."

"Samahani, bibi," Uledi alisema, akaanza kutafuta boksi.

Tulilala Nyanga kwa dada wa mzee. Asubuhi tukapanda basi. Redio niliipakata mimi, imefungwa kwenye blanketi. Ilikuwa na uzito wa Kokuhirwa siku aliyoachishwa ziwa.

Mzee alikaa kiti cha mbele yetu. Kila basi liliporuka alimgeukia Alistidia.

"Mwambie asiikandamize."

"Tata anasema usiikandamize."

"Mwambie siikandamizi."

"Anasema haikandamizi."

Mama mmoja mwenye kuku alishindwa kuvumilia. "Nyie mnakaa kiti na kiti, mnatumiana tarishi!"

Basi zima likacheka. Hata baba mkwe alicheka. Mimi nilikuwa nimeushika ule waya chini ya blanketi, nikihesabu meno yake ya kuingia ukutani. Yalikuwa matatu, ya shaba.

Muleba walikuwa wanatungoja. Mzee alikuwa amesimika mlingoti wa mti wa musizi kando ya baraza tangu juma lililotangulia, maana aliona redio ya mchungaji ina waya uliopanda juu ya mti mrefu. Mama mkwe, Kokubanza, alikuwa ametandika kitambaa chake cha harusi juu ya meza. Alipoiona redio alipiga vigelegele, akapiga magoti, akaisalimu.

"Kasinge, waitu."

Kisha akaleta kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, akakiweka mbele yake.

"Mama, redio haitafuni kahawa," Alistidia alisema.

"Mwanangu atasema kutoka humo. Mgeni gani alisemeshwa katika nyumba hii bila kahawa?"

Kokuhirwa akachukua punje moja, bibi yake akamrudishia kikapuni.

Alistidia aliuchukua ule waya aufunge juu ya mlingoti. Haukufika hata nusu. Wakasogeza meza. Haukufika. Mzee akaleta panga, mlingoti ukakatwa. Bado. Ukakatwa tena. Mwisho ukawa na kimo cha Kokuhirwa, na juu yake yale meno matatu ya shaba yamefungwa kwa ugwe wa mgomba, yanatazama mbinguni.

Rugaibula alifika wakati huo huo. Huyo hakosi.

"Bartholomayo, mbuzi wa kufungwa hapo yuko wapi?"

"Kaa chini, wewe mwenye cherehani. Leo utasikia Dar es Salaam."

Watu wakakaa. Wengine kwenye baraza, wengine chini ya migomba. Mzee akanyoosha kanzu yake, akazungusha kitasa.

Kitasa kikalia: ta.

Baada ya hapo hakuna kitu. Jicho la kijani halikufumbuka.

"Hawajaamka," mama mkwe alisema. Ilikuwa saa tisa mchana.

"Pengine wanakula," Alistidia alisema.

Rugaibula akatafuna kahawa yake. "Redio yako ni Mlutheri kweli kweli, Bartholomayo. Inasali kimya kimya."

Walicheka kidogo, kisha wakaacha. Mzee alizungusha kitasa cha pili. Akarudi cha kwanza. Akapuliza kitambaa cha dhahabu. Mwisho akainama, akaweka sikio lake kwenye kile kitambaa, akafumba macho.

Alikaa hivyo muda mrefu. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake. Kwa hili sikujiandaa.

"Mutembei?" alisema taratibu, kama mtu anayebisha hodi.

"Nasikia kitu," alisema. "Kama mtu anayepumua."

Ilikuwa pumzi yake mwenyewe, ikirudi kutoka kwenye mbao. Nilijua. Nilitazama mikono yangu.

Kengele ya baiskeli ikalia njiani. Alikuwa Mwalimu Ndyamukama wa shule ya misheni, mwenye miwani. Aliegemeza baiskeli, akasalimia wazee, akaona mlingoti. Akaona meno ya shaba. Nikamwona anaziba mdomo kwa mkono, kisha anauondoa.

"Mzee, redio hii mliuziwa na nani?"

"Tuliichagua wenyewe."

"Ni ya umeme, mzee wangu. Haiwezi kusema hapa. Hata mkiufunga waya huu kwenye nyota, haitasema."

Rugaibula hakucheka. Heri angecheka.

Alistidia aligeuka polepole. "Wifi. Wewe ndiye uliyesoma vile vikadi."

Nyuso zote zikaja kwangu, kama ile siku ya barua. Kokuhirwa alikuwa mapajani mwangu, ananuka ndizi ya kuchoma.

"Msimlaumu," Mwalimu Ndyamukama alisema haraka. "Darasa la tatu hatufundishi umeme. Hata mimi nilijifunza chuoni."

Nikapumua. Nilidhani nimevuka.

"Na hakuna kilichoharibika," aliendelea. Yeye ni mtu mwema, na wema wake ndio ulionitega. "Redio hii tutairudisha Bukoba, watabadilisha. Na kabla ya hapo, mchungaji ana redio ya betri. Salamu zina siku zake na saa zake. Mimi nitakaa pale nisikilize, na Mutembei akisema, nitaandika kila neno niwaletee. Nipeni tu barua yake nione alitaja siku gani."

"Hakutaja siku," nilisema.

Nilisema mwenyewe. Kwa sauti. Bila kupitia kwa Alistidia. Mama mkwe alishtuka kama aliyemwagiwa maji.

"Huwa kuna tarehe juu," Mwalimu alisema kwa upole. "Hiyo itatusaidia."

Baba mkwe alikwisha simama. Barua zote za mwanawe huziweka ndani ya Biblia, katika Zaburi, ingawa hajui kusoma hata jina lake. Kila Jumapili baada ya ibada huitoa ile ya mwisho na mimi huisoma tena. Kila Jumapili ni maneno yale yale. Nimeyakariri kama Imani ya Mitume, maana Alistidia ana kumbukumbu kali, na mara moja nilipobadilisha neno aliniuliza mbona.

Barua ile haijawahi kufunguliwa mbele ya mtu mwingine anayejua kusoma.

Mzee alirudi nayo, kunjo zake zimeanza kuchanika. Mwalimu akafuta miwani kwa ncha ya shati, akanyoosha mkono.

Mzee hakumpa.

Alinitazama mimi. Si Alistidia. Mimi.

"Kokushubila," alisema.

Tangu nilipoingia katika nyumba ile alikuwa hajalitamka jina langu.

"Nimekuchosha na barua hii kila Jumapili. Nilitaka redio ikupumzishe. Haya, isome mara moja tena, watu wote wasikie, maana wewe ndiye unayeijua sauti yake. Na Mwalimu akae karibu yako, aangalie hiyo tarehe."

Akaniwekea barua mkononi.

Mwalimu Ndyamukama alivuta kigoda. Bega lake likafika karibu na langu. Alisogeza miwani, akainama kwenye karatasi. Mistari sita si mingi kwa mwalimu.

Redio ilikuwa mezani na kahawa yake mbele.

Nikafungua mdomo.

Lakini kuna jambo moja ambalo sijamwambia mtu, si mama yangu Kanazi, si Mungu kanisani. Naliandika hapa kwa sababu mkono wangu hauna sauti. Siku barua ile ilipofika, kabla ya kuifungua, maana fununu za mke wa Dar es Salaam zilikuwa zimekwisha nifikia, niliishika kifuani nikaomba iwe ya kifo. Mjane huachwa akae na mtoto wake. Mke aliyekataliwa huondoka peke yake. Niliomba Mutembei awe amekufa, nikaomba kwa moyo wangu wote, ndipo nikaifungua.

Alikuwa mzima.